Evarista, mchambuzi wa albamu anayesema mbele ya mwenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani Soweto jijini Mbeya, ukungu bado haujapanda mlimani na Evarista Kalinga anatafuta sufuria. Si ya chai, hiyo iko jikoni tayari. Anatafuta ile kubwa ya ugali, iliyobonyea ubavuni. Anaipangusa kwa upindo wa kitenge, anaiweka juu ya stuli, kisha anatumbukiza simu yake ndani na kubonyeza.

Kwanza zinasikika nyuzi. Kisha sauti ya mzee. Kisha kinanda kinaingia na kuvifunika vyote viwili. Evarista, aliyekuwa akimimina chai, anasimamisha chupa hewani na kukunja uso.

“Umesikia?” anamuuliza mwandishi wa makala haya, ambaye kusema kweli hajasikia zaidi ya mvumo wa sufuria. “Subiri. Narudisha nyuma.”

Anarudisha nyuma mara nne. Chai inapoa na hakuna anayeinywa.

Evarista, mwenye umri wa miaka 42 na mama wa watoto wawili, ni mchambuzi wa albamu mpya. Kila Jumamosi saa kumi jioni huendesha kipindi kiitwacho Chekeche katika redio moja ya jamii jijini hapa. Kazi yake ni kusikiliza zile albamu ambazo redio kubwa hazina muda nazo: ngoma za asili, kwaya za sharika na vigango, vijana wanaojirekodi wenyewe vyumbani, na muziki wa nchi za watu. Siku nyingine zote anauza chaja na vioo vya simu, na anajaza nyimbo kwenye memori kadi katika kibanda chake karibu na soko.

Sufuria si mbwembwe. Ana sababu yake, na anaieleza kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi na kuchoka kidogo.

“Msikilizaji wangu hana spika ya maana. Ana simu, na akitaka sauti iwe kubwa anaiweka kwenye bakuli au kwenye sufuria. Sasa mimi nikisikiliza kwa hedifoni za bei mbaya, si nitakuwa nasikiliza albamu nyingine? Hiyo siyo ya kwake.”

Baada ya sufuria ndipo huvaa vifaa vya masikioni, akiwa kibandani, na kusikiliza upya. Albamu ikiwa ya lugha asiyoijua, huibeba mpaka kwa wenye lugha. Ya Kinyakyusa huipeleka kwa akina mama wauza ndizi, ya Kisafwa kwa jirani yake mkulima wa viazi. Anawakalisha, anawapa soda, anawaangalia nyuso. “Mtu akitabasamu mahali ambapo mimi sikuelewa kitu, naandika hapo kuna jambo,” anasema.

Redio humpa posho ya shilingi 20,000 kwa kila kipindi, na kujaza nyimbo kwenye kadi moja hutoza 2,000. Akiulizwa kama zinatosha, anacheka na kuonyesha chaja zilizoning'inia ukutani. “Ndo maana nauza hizi.”

Albamu za mbali humfikia kwa njia zake. Madereva wa malori wanaopita Tunduma kutoka Zambia humletea flashi, na wapo wanaomletea bendi za banjo kutoka Malawi. Kijana mmoja fundi simu humpakulia muziki wa Mali na wa Kongo. Evarista anaupiga wote hewani na kuwaeleza wasikilizaji alichokisikia. Lakini hukumu, yaani kusema hii ni nzuri au hii haikuiva, haitoi. Hapo ndipo Chekeche inapotofautiana na vipindi vingine vyote.

Evarista hamhukumu msanii ambaye hayupo.

Katika chumba kidogo cha studio kuna kiti cha plastiki cha bluu, mkabala na kiti chake. Wanakiita kiti cha mwenyewe. Anayetaka albamu yake ichambuliwe lazima aje aketi pale, avae hedifoni, na asikie kila neno Evarista analolisema juu yake, moja kwa moja hewani. Kisha naye hupewa nafasi ya kujibu. Asipokuja, nyimbo zitapigwa lakini uchambuzi hautakuwepo.

“Kumsema mtu hayupo ni kumsengenya,” anasema. “Hata ukimsema kwenye redio yenye mnara, bado ni usengenyaji tu.”

Meneja wa redio hiyo, Atuganile Mwakajila, anakiri kwamba mwanzoni aliona mpango huo ni wazimu. “Nilimwambia, dada, watapigana humu ndani. Kweli kuna mmoja alisimama akatoka na hedifoni shingoni, tukabaki tunavutana waya,” anasema Atuganile. “Lakini wasikilizaji wakaongezeka. Watu wanapenda kusikia ukweli ukisemwa mbele ya mtu.”

Kanuni hiyo ina kisa chake, na Evarista hukisimulia bila machozi, ingawa anapokisimulia huacha kufanya kazi nyingine yoyote.

Mwaka 2009, kwaya ya vijana ya usharika wao huko Kilolo, mkoani Iringa, ilirekodi albamu. Walijichanga, wakashona sare za zambarau, wakamwalika mgeni rasmi, wakafanya uzinduzi uwanjani na watu wakanunua. Evarista ndiye aliyekuwa kiongozi wa sauti ya kwanza. Wiki chache baadaye alikuwa amekaa kwa msusi mjini Iringa, kichwa nusu kimesukwa, redio ikapiga wimbo wao.

“Nikawaambia wote mle ndani, nyamazeni, ni sisi hao! Wakanyamaza. Wimbo ukakatwa katikati. Mtangazaji akacheka, akasema hawa vijana sauti wameziacha shambani, warudi wakalime viazi. Na sisi tulikuwa tunalima viazi kweli. Msusi akaendelea kunisuka, hakuna aliyesema kitu.”

Kwaya ile haikufika Krismasi. Mmoja aliacha, wawili wakafuata, sare zikageuzwa mapazia. Evarista aliolewa, akahamia Mbeya, na tangu siku ile hajaimba tena mbele ya watu. Hata kanisani hufungua kitabu cha nyimbo na kufuatisha kwa macho.

Kama yule mtangazaji angewaita na kuwaambia usoni kwamba sauti ya pili ilikuwa chini, anasema, wangekasirika kisha wangefanya mazoezi. “Ilikuwa chini kweli. Nilikuja kuisikia baadaye mwenyewe.”

Sasa turudi kwenye sufuria, maana yule mzee anayeimba ndani yake si mtu wa kupita njia. Ni mjomba wake.

Gerson Lunyungu, mkulima wa Kilolo mwenye umri wa miaka 69, ni mpigaji wa ligombo, ala ya Wahehe iliyotengenezwa kwa ubao uliochimbwa kama hori dogo, nyuzi zimetandazwa juu yake, na kibuyu cha kukuzia sauti. Mpigaji huketi chini, akapiga huku akisimulia na kuimba. Baba yake Evarista alipofariki dunia, mtoto akiwa darasa la tatu, Mzee Gerson ndiye aliyemchukua dada yake, mama wa Evarista, na mtoto huyo, akawalea nyumbani kwake.

Jioni, mzee alikuwa akilegeza uzi mmoja kwa makusudi, anapiga, kisha anamuuliza mtoto, “Upi umelegea?” Akipatia anapewa kiazi cha kuchoma. Akikosea, anapewa vilevile, ila baada ya kutaniwa.

“Kila ninachokisikia leo nilifundishwa pale,” anasema Evarista.

Mwezi Mei mwaka huu mzee alitoa albamu yake ya kwanza maishani, nyimbo kumi, akaipa jina la Kamwene Kilolo, kwa salamu ya kwao. Aliirekodi katika studio ya kijana mmoja mjini Iringa. Akaituma Mbeya kwa basi, flashi imefichwa ndani ya mfuko wa maharage, na ujumbe mfupi kwa simu: “Mpwa wangu, nimesikia una kiti. Nakuja kukaa.”

Evarista anasema alifurahi kwa muda wa kuchambua maharage tu. Baada ya hapo aliisikiliza, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena.

Kinanda kiko karibu katika kila wimbo. Kimekuja na ngoma zake za kompyuta, na mahali pengi nyuzi za ligombo hazisikiki kabisa, hasa ndani ya sufuria. “Ni kama mzee amekaribishwa nyumbani kwake mwenyewe akapewa kona,” anasema. Alishaamua moyoni kwamba prodyuza ndiye aliyeharibu, na kwamba mjomba, kwa upole wake, alishindwa kumkatalia.

Tatizo ni kwamba kusema hivyo hewani, mbele ya mtu aliyemlea, ni jambo zito. Kwa watu wa Kilolo mjomba hasahihishwi hadharani na mpwa wake, tena wa kike, tena kwa kipaza sauti. Lakini kunyamaza nako kungemgharimu. Kipindi chake kimesimama juu ya jambo moja, kwamba hapendelei mtu.

Na wapo waliokuwa wakisubiri. Alhamisi, siku mbili kabla ya kipindi, kibandani, anafika kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, Jofrey, mkazi wa hapo hapo Soweto, anayerekodi nyimbo zake mwenyewe kwa gitaa. Miezi michache iliyopita alikalia kile kiti, akaambiwa kwamba nyimbo zake saba ni wimbo mmoja uliobadilishiwa mashati.

“Dada Eva, shikamoo. Nasikia Jumamosi ni zamu ya mjomba,” anasema, huku akijifanya kuangalia chaja.

“Marahaba. Ndiyo.”

“Mimi ulinichana laivu mpaka mama yangu akazima redio. Sasa tutaona. Damu nzito kuliko maji.”

“Nunua chaja au ondoka, Jofrey.”

“Naondoka. Ila redio yangu itakuwa on, na ya mama pia.” Anacheka na kwenda zake, lakini Evarista hacheki. Anakosea kuhesabu chenji ya mteja anayefuata.

Mchana huohuo simu inaita. Ni mama yake, Severina, kutoka Kilolo. Evarista anaiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake imeshika kioo cha simu ya mtu.

“Eva, kaka yangu ameshashona suti kwa ajili ya hiyo redio yako,” anasema mama. “Usimvue nguo mbele za watu.”

“Mama, nikimsifu kwa uongo ndo nitakuwa nimemvua.”

“Wewe sema tu nzuri. Neno moja. Litakupunguzia nini?”

“Mgema akisifiwa, mama, tembo hulitia maji.”

“Mjomba wako hagemi, ni Mlutheri! Basi sema unaumwa malaria. Mbu wapo huko Mbeya?”

Evarista anakata simu akiwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Mwandishi anamuuliza kama amefikiria hiyo malaria. “Nimeifikiria tangu juzi,” anajibu.

Mzee Gerson anawasili Ijumaa jioni, suti ya kijivu ikiwa kwenye mfuko wa nailoni ili isikunjamane. Anakaribishwa ugali, maharage yake mwenyewe aliyoyatuma, na mboga za majani. Kanuni ya Chekeche inakataza mchambuzi na mwenye albamu kuzungumzia albamu kabla ya kipindi, kwa hiyo wawili hao wanaongea juu ya bei ya mbolea, mvua ya Kilolo na ng'ombe aliyezaa pacha. Wanaongea sana. Kila mada inapoisha, wote wawili wanakimbilia nyingine haraka.

Asubuhi yake mzee anaamka na kuikuta sufuria juu ya stuli, simu ndani yake. Anainama, anachungulia.

“Hii ndo inayonisikiliza?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Kamwene, sufuria,” anasema mzee, na anaenda kunawa uso.

Saa kumi jioni taa nyekundu inawaka. Mzee ameketi kwenye kiti cha bluu, suti imenyooka, hedifoni zimemkaa juu ya masikio kidogo. Evarista ana karatasi mbele yake lakini haisomi. Nyuma ya kioo, Atuganile ameegemea ukuta, mikono kifuani.

Anaanza kwa sauti ya kawaida. Anawaeleza wasikilizaji kwamba mgeni wa leo ni mjomba wake aliyemlea, wajue hilo kabla hajasema lolote. Anasifia usimulizi wa wimbo wa pili, unaowachekesha wanaume wanaokimbilia pombe ya ulanzi msimu wa kulima. Halafu anavuta pumzi.

“Mjomba, albamu hii ina kasoro kubwa. Kinanda kimefunika ligombo. Nimesikiliza kwenye sufuria, nimesikiliza kwa vifaa vya masikioni, nyuzi zako sizisikii. Mtu asiyekujua hatajua kwamba wewe ni mpigaji. Atadhani ni mzee anayeimba juu ya kinanda cha mtu.”

Mzee anaitika kwa kichwa, taratibu. Evarista anapata nguvu, na hapo ndipo anapoenda mbele zaidi ya alipopaswa kwenda.

“Na mimi nasema kosa siyo lako. Ni la huyo kijana wa studio. Hawa maprodyuza wa siku hizi wana biti moja, wanamvalisha kila mtu. Amemkuta mzee mpole asiye na wa kumtetea, akajaza makelele yake. Hajui ligombo ni nini, na hakutaka kujua.”

Mzee anajisogeza mbele ya kipaza sauti kama alivyoelekezwa, karibu kuliko alivyoelekezwa.

“Umemaliza, mpwa wangu?”

“Nimemaliza, mjomba.”

“Hicho kinanda nilikiomba mimi.”

Mzee anaendelea, bila haraka, kama anayesimulia juu ya ala yake.

“Kijana alitaka nipige peke yangu. Mimi nikakataa. Nimepiga hii ala toka sijaoa. Watu wananisikiliza wamekaa. Wananiheshimu, wananipa kiti, wanatikisa vichwa. Hakuna aliyewahi kusimama. Nikasema, kabla sijafa nataka niwaone wanasimama. Mwezi uliopita kule Igowole, kwenye harusi, waliipiga hii albamu. Walisimama wote, Eva. Mpaka bibi harusi. Mimi nikatoka nje nikalia.”

Evarista anaangalia karatasi yake.

“Sasa kinanda kama kimefunika nyuzi, sawa, nimesikia. Unasikia kuliko mimi siku hizi, masikio yangu yamezeeka,” anasema mzee. “Ila nina swali. Huyo Adrian wa studio uliyemsema sana hapa. Mimi nimekaa kwenye kiti changu. Yeye amekaa wapi?”

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Evarista alikuwa ameivunja kanuni yake mwenyewe, hewani, kwa mdomo wake, na aliyemwonyesha hakuwa msanii mwenye hasira bali mtu aliyemfundisha kutambua uzi uliolegea. Wasikilizaji walisikia kiti kikilalamika. Alikuwa amejiinamia.

“Hayupo, mjomba,” akasema. “Nimemsengenya.”

“Eee. Umemsengenya.”

Angeweza kuweka wimbo na kujificha nyuma yake. Hakufanya hivyo. Alimwomba Adrian radhi hapohapo, akatangaza kwamba Jumamosi inayofuata kiti ni chake akitaka. Kisha, na hili ndilo wengi mtaani wanalolisimulia zaidi, akarudi kwenye kinanda. Alisema amekosea juu ya mtu, lakini juu ya sauti hajakosea. Nyuzi hazisikiki. Wimbo bora kuliko yote ni wa saba, ambao hauna kinanda kabisa, na alipousikia aliacha kazi akakaa chini.

Mzee Gerson akaangua kicheko kilichomfanya fundi mitambo apunguze sauti. “Huo? Siku hiyo umeme ulikatika! Kompyuta ilikuwa na chaji, kinanda hakina. Adrian akasema mzee, tusipoteze siku.”

“Basi namshukuru aliyekata umeme,” akajibu Evarista, na kwa mara ya kwanza siku ile wote wawili wakacheka pamoja.

Jofrey alikuwa kibandani asubuhi ya Jumatatu kabla hata mlango haujafunguliwa. “Dada Eva, nakuvulia kofia,” alisema, na kofia ya sufu akaivua kweli, ingawa baridi ilikuwa kali. “Ila mimi hukuniomba radhi.”

“Wewe ulikuwepo kwenye kiti.”

“Kweli.” Alinunua chaja. Alisema pia kwamba ana nyimbo tatu mpya, na kila moja ina shati lake.

Adrian naye alikuja. Ni kijana wa miaka 27, mpole kuliko alivyosemwa, aliyejifunza kurekodi katika kwaya ya Wakatoliki kigangoni kwao. Alikaa kwenye kiti cha bluu na kueleza kwamba habari za kusemwa kwake alizipata kwa dereva wa bajaji aliyetumiwa kipande cha kipindi kwenye simu, akamwuliza kama yeye ndiye yule mwenye makelele. Evarista alifumba macho aliposikia hilo. Alimkumbuka msusi wa Iringa, anasema, na mikono yake iliyoendelea kusuka kana kwamba hakuna kilichotokea.

“Nilijua anachokisema. Nilikijua kwenye ngozi ya kichwa,” anasema. “Na safari hii mimi ndo nilikuwa mtangazaji.”

Mama Severina, kwa upande wake, hajaridhika. Kwa simu alimwambia mwandishi kwamba suti ya kaka yake ilikuwa nzuri na hakuna aliyeitaja. Alipoelezwa kwamba redioni suti haionekani, alijibu kwamba binti yake angeweza kuieleza, kwani kazi yake si kueleza mambo?

Kwa sasa Evarista ana mpango. Viazi vikishavunwa na barabara ikikauka, atakwenda Kilolo na kumrekodi mjomba wake nyumbani, jikoni, bila kinanda, kwa simu na kipaza sauti kimoja atakachoazima redioni. Adrian amekubali kuja kusimamia, kwa sharti la Evarista kwamba asiguse kitu. Mzee naye amekubali, ingawa anasema albamu ya harusi ataendelea kuipiga kila atakapoalikwa, na inayofuata itakuwa na vinanda viwili.

Lakini mzee ameweka sharti lake. Ligombo la kukaa jikoni linahitaji mtu wa kuitikia, na waitikiaji aliokuwa nao wamezeeka au wamekwenda. Anamtaka Evarista. Na rekodi ikishakamilika wataipeleka Chekeche kama albamu nyingine yoyote, ila viti vitabadilishwa. Evarista atakaa kwenye kile cha bluu, na mjomba atakuwa upande wa pili.

“Aliniambia, nimekaa kwako, na wewe utakaa kwangu. Nitakusema mbele yako,” anasimulia Evarista. Alichukua siku mbili kukubali. Hakuwahi, tangu zile sare za zambarau, kuahidi kuimba mahali popote.

Asubuhi ya mwisho mwandishi alipopita Soweto kuaga, ukungu ulikuwa uleule na sufuria ilikuwa juu ya stuli. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mwanamke ikiitikia peke yake, bila ala, ikisita kidogo mwanzoni kisha ikinyooka. Evarista alikuwa amesimama mbali nayo, karibu na mlango, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuizima. Aliiacha mpaka mwisho.

Mwandishi akamuuliza ameionaje.

“Usiniulize sasa,” akajibu, akitoa simu sufuriani na kuipangusa kwa kitenge. “Niulize nikishakaa kwenye kiti.”